Mifereji ya Mapaa ya Maghala: Ngazi au Upembo?

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Kila chama cha msingi kina kasha la fedha, na kila kasha lina funguo zake, daftari lake na watu wa kulikagua. Fedha zilizomo huhesabiwa mara nyingi kwa mwaka. Juu ya kasha hilo lipo paa, na ukingoni mwa paa upo mfereji wa kupokea maji ya mvua, ambao mafundi huuita gata. Ni nadra kuonekana chama ambacho katika makisio yake ya mwaka kimeandika hata mstari mmoja kwa ajili ya mfereji huo. Hali mali ya wanachama iliyo ghalani wakati wa msimu huzidi kwa mbali fedha iliyo kashani. Shabaha ya maelezo haya ni kuonyesha hasara iletwayo na mfereji ulioziba, hatari ya kumpandisha mtu juu kwenda kuuzibua, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa na mtu aliyesimama chini.

Yafaa kwanza kufahamu wingi wa maji yenyewe. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Ghala lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20 lina paa la mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kunyesha kwa alasiri moja wakati wa masika, huliteremshia paa hilo lita 30,000, yaani mapipa 150 ya lita 200. Nusu yake huenda mfereji wa upande huu na nusu mfereji wa upande wa pili. Mfereji ukiwa safi, maji hayo hushuka kwa bomba na kwenda tangini au shimoni. Ukiwa umeziba, hayana budi kutafuta njia nyingine, nayo njia iliyo karibu ni nyuma ya mfereji: hulowesha ubao wa ukingoni, hupenya kwenye ncha za mbao za kenchi, kisha huteremka na ukuta kwa ndani. Yale yanayomwagika kwa nje hupiga ardhi mahali pale pale kila mvua, yakachimba kando ya msingi hata nyufa zikatokea.

Kwa kuwa unyevu huo huja kidogo kidogo, hautambulikani mapema. Magunia yaliyo katikati ya ghala huwa makavu. Yanayoharibika ni yale yaliyo karibu na ukuta, na aghalabu ni ya mwisho kutolewa. Mahindi ya kuhifadhi hutakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, yakipata zaidi, kuvu huota, na miongoni mwa kuvu wamo wale wanaozaa sumukuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Ilisemwa mengi wakati ule juu ya kuvuna na kuanika, na ni sawa, lakini nafaka iliyoanikwa vizuri huweza kuloweshwa upya na ukuta wa ghala lenyewe. Kahawa na korosho nazo hushuka daraja, na mbolea ya urea hunyonya unyevu ikagandamana kama jiwe. Mzigo unapoonekana una kasoro, lawama humwangukia mtunza ghala kwamba hakupanga magunia juu ya chaga, au aliyaegemeza ukutani. Huenda kweli hakupanga vizuri. Hata hivyo, maji yalitoka mita tano juu ya kichwa chake, mahali ambapo si yeye wala Bodi aliyewahi kupatazama.

Lipo pia jambo la uzito. Mfereji wenye upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 10 huchukua lita 15 katika kila mita moja. Ukijaa tope lililolowa, mita hiyo hubeba zaidi ya kilo 20. Ghala la mita 30 likawa limening'iniziwa zaidi ya kilo 600 kila upande. Vikono vya mfereji vilipigiliwa ili kubeba maji yanayopita, wala si shamba. Neno shamba halikutumiwa kwa mzaha, kwani yapo maghala ambayo mifereji yake imeotesha nyasi, na hata miche ya mikuyu iliyoletwa na ndege, mizizi ikiwa imeshapenya ukutani. Maji yanayosimama humo huzaa mbu, wakiwamo wale wa Aedes wanaoeneza homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Katika maghala mengi makuukuu hali hii ina historia yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, majengo yake mengi yakapita mikononi mwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha vyama, na majengo yakarudi kwa wakati wake na kwa hali yake. Jengo lililobadilisha mwenyewe mara mbili huwa limepoteza pia kumbukumbu za matengenezo yake. Ndiyo maana yako maghala ambayo hakuna mwanachama awezaye kusema mfereji wake ulisafishwa lini mara ya mwisho.

Wakati wa kusafisha hautegemei kalenda ya ofisi, bali mvua, mazao na miti. Kusini, korosho huingia ghalani kuanzia Oktoba, na mvua huanza wakati mzigo ungali unapokelewa. Huko Septemba isipite. Kaskazini, penye vuli na masika, mara moja kwa mwaka haitoshi. Mijakaranda ya Moshi na Arusha huchanua na kumwaga maua Oktoba na Novemba, hivyo mfereji uliosafishwa Septemba huweza kuwa umeziba tena kabla vuli haijakatika. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano na hufumana kwenye mdomo wa bomba mithili ya jamvi. Jirani na viwanda vya kuchambulia pamba, nyuzi na vumbi la pamba hushikana na matope zikawa kitu kigumu kuliko majani yoyote. Katibu anayejua ni mti gani umesimama upande gani wa ghala lake amekwisha kujua nusu ya kazi.

Sasa swali ni nani anayefanya kazi hii, na kwa njia gani. Mara nyingi hupewa mlinzi, au kijana wa mwanachama, kwa malipo ya kibarua ya siku moja. Hupewa ngazi iliyopigiliwa kwa misumari na kuegemezwa kwenye mfereji wenyewe, ambao umekwisha kulegea kwa uzito uliotajwa. Juu huko mkono mmoja hushika ngazi na mwingine huchota tope. Akimaliza sehemu iliyo mbele yake hunyoosha mkono pembeni ili asishuke kuihamisha ngazi, na hapo ndipo ngazi huteleza. Kuanguka kutoka mita tano huchukua sekunde moja tu, na mtu hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 36 kwa saa. Hapana nafasi ya kujishika.

Hatari huzidi pale mtu anapoamua kuacha ngazi na kutembea juu ya paa. Bati lililooza kwa kutu halionyeshi udhaifu wake kutoka juu, na mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga, yakishafunikwa na vumbi, hayatofautiki na mengine. Vigae vya asbestosi ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu huonekana imara kama saruji na huvunjika ghafula chini ya mguu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, nacho chama cha ushirika ni mwajiri kama mwajiri mwingine yeyote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko ambao waajiri huuchangia ili anayeumia kazini alipwe. Ni vema kila katibu ahakikishe chama chake kimesajiliwa katika Mfuko huo na hakina malimbikizo. Lakini fidia haimrudishii mtu uti wa mgongo uliovunjika, na familia inayouguza ni ya mwanachama yule yule ambaye korosho yake ilikuwa inakingwa isilowe.

Nchi ya Uingereza imelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Miti mingi ya huko hupukutisha majani yake yote kwa pamoja kila mwaka, na mifereji ya nyumba za ghorofa huziba kwa majuma machache. Kanuni za Kazi za Juu za mwaka 2005 za nchi hiyo ziliweka utaratibu ulio wazi: kazi inayoweza kufanywa bila kupanda juu isifanywe kwa kupanda, ikiwa hapana budi kupanda, mtu azuiwe kuanguka, na ikiwa hata hilo haliwezekani kikamilifu, basi umbali wa kuanguka na madhara yake yapunguzwe. Ngazi haikukatazwa, ila imewekwa nyuma ya njia nyingine, kwa kazi nyepesi na ya muda mfupi. Kutokana na fikra hiyo wasafishaji wengi wa huko hutumia mashine za kufyonza zenye fito ndefu za kuunganishwa.

Kifaa hicho ni upembo, kama ule wa kuangulia maembe, isipokuwa una uwazi ndani. Vipande vyake ni mabomba mepesi ya alumini au ya nyuzi za kaboni, yanayochomekana kimoja juu ya kingine hadi kufikia mita 10 au 12. Ncha ya juu imepinda ili iingie mfereji, na ya chini huungwa kwa mpira mnene na mashine ya kufyonza iliyo chini, yenye pipa la kupokea uchafu na uwezo wa kufyonza vikavu na majimaji. Karibu na ncha hufungwa kamera ndogo inayoonyesha picha kwenye kioo alicho nacho mtendaji, naye huona ndani ya mfereji pasipo kuinua mguu wake ardhini.

Mtu aliyesoma habari za pampu za visima anaweza kuuliza jinsi mashine hiyo inavyoweza kuinua tope mita 10. Swali hilo ni la haki. Nguvu ya kufyonza ya mashine ya namna hii, ikipimwa kwa maji yaliyosimama ndani ya bomba, haivuki sana mita mbili au mbili na nusu. Siri yake ni kwamba haivuti safu nzima ya maji. Huvuta hewa kwa kasi kubwa, na hewa hiyo hubeba majani na tope vipande vipande, kama upepo unavyobeba makapi. Kwa hiyo anayeizamisha ncha yote ndani ya tope huikatia mashine pumzi, bomba likajaa na kila kitu kikasimama. Ncha inapaswa kuchukua kidogo kidogo kutoka ukingoni mwa lundo, hewa ikipita wakati wote. Kanuni hii moja ndiyo inayomtenga fundi na mtu anayehangaika siku nzima na bomba lililoziba.

Upembo huo una mipaka yake. Ukifika mita 10 huyumba kwa upepo na kuchosha shingo na mabega, hivyo kazi hufanywa na watu wawili wanaopokezana, wenye kofia ngumu na miwani, wala mtu asisimame chini kabisa ya ncha. Mizizi na udongo uliokauka havifyonzeki mpaka vivunjwe kwanza kwa kikwaruzo kinachofungwa nchani. Mashine huhitaji umeme wa wati 2,000 hadi 3,000, na mahali pasipo umeme jenereta huwa sehemu ya gharama. Juu ya yote, mfereji ulio katikati ya mapaa mawili yanayokutana, kama ilivyo katika majengo ya viwanda vya pamba yenye mapaa mengi sambamba, hauwezi kufikiwa kutoka chini hata kidogo. Nao ndio wa hatari kuliko yote, kwa kuwa ukifurika maji hayana pa kumwagika ila ndani. Huo utakiwe jukwaa, kamba za usalama na mafundi wanaoijua kazi ya juu, na Bodi isijidanganye kwamba upembo umeumaliza.

Je, kila chama kinunue mashine hii? Jibu ni hapana. Ni kifaa cha gharama, na chama chenye ghala moja kitakitumia siku mbili au tatu kwa mwaka, kisha kikae stoo hadi panya wale mpira wake. Ushirika uliundwa kwa mambo ya namna hii hasa. Mashine moja chini ya Chama Kikuu, pamoja na watu wawili waliofundishwa, inaweza kuzunguka vyama vingi kwa ratiba, kila chama kikichangia mafuta, posho na matengenezo kwa kadiri ya urefu wa mifereji yake. Ratiba hiyo ianzie kwa vyama vinavyopata mvua mapema. Isianzie kwa vile vilivyo karibu na ofisi, jambo ambalo limewahi kuharibu mipango mingine mizuri.

Kwa ghala la kawaida ambalo mfereji wake uko mita tatu au nne kutoka chini, hapana haja ya kungoja mashine. Mwanzi ulionyooka, uliofungwa nchani bati lililokunjwa kama kijiko kwa kipimo cha mfereji, huvuta majani na tope hadi ukingoni na kuyaangusha. Baada ya hapo bomba la plastiki lililopindwa kichwani kama ndoana, likiungwa na mpira wa maji, husuuza yaliyobaki. Utaratibu huu usigeuzwe: anayeanza na maji husukuma majani yote kwenye bomba la kuteremshia, akahamisha tatizo kutoka mahali panapoonekana hadi mahali pasipoonekana. Wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba hilo husaidia, maadamu nao unasafishwa.

Faida ya kamera inastahili kusisitizwa, kwa kuwa inahusu fedha. Kazi ya juu ni rahisi kulipiwa bila kufanywa. Hati ya malipo husema mfereji umesafishwa, sahihi zipo, na hakuna mjumbe wa Kamati atakayepanda ngazi kwenda kuhakikisha. Picha za kabla na baada, zikiwekwa mbele ya Bodi kabla ya malipo kuidhinishwa, huondoa mashaka hayo. Wala si lazima kamera hiyo inunuliwe pamoja na mashine. Simu ya mkononi yenye kamera, ikifungwa imara kwenye mwanzi na kuwashwa irekodi huku ikipitishwa juu ya mfereji, hutoa ushahidi wa kutosha. Katibu aandike katika daftari la majengo tarehe, majina ya waliofanya kazi, na kasoro zilizoonekana: vikono vilivyolegea, mahali palipotoboka, ubao uliooza. Mkaguzi atakayekuja mwakani ataanzia hapo.

Yamebaki mambo mawili ambayo kusimama chini hakuyaondolei hatari, na moja kati yake huongezeka. La kwanza ni umeme. Nyaya za kilovolti 11 na 33 sasa zimefika katika vijiji vingi, na mara nyingine hupita kando ya ghala. Alumini hupitisha umeme, nyuzi za kaboni pia hupitisha, na hata mwanzi uliolowa si wa kuaminiwa. Umbali ulio salama ni ule ambao upembo, hata ukianguka wote kwa urefu wake, hauwezi kuufikia waya. Mahali ambapo umbali huo haupo, upembo usiinuliwe mpaka TANESCO waombwe kuukata umeme na wathibitishe kwamba umekatwa.

La pili ni asbestosi. Maghala mengi ya zamani yaliezekwa kwa vigae vyake, na mengine yana mifereji ya asbestosi vilevile. Vigae hivyo vikichakaa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo huchukuliwa na mvua na kukusanyika katika tope la mfereji. Nyuzi hizo zikivutwa mapafuni huleta maradhi mazito, yakiwamo saratani, yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Mashine ya kawaida ya kufyonza haina chujio la kuzizuia, hivyo huzirusha hewani na kumpulizia yule yule iliyekusudiwa kumlinda. Kwa mapaa hayo isitumiwe kabisa. Tope lisikwaruzwe likiwa kavu, lisifagiliwe, wala lisipigwe kwa maji ya nguvu; liachwe hadi watu wenye vifaa na ujuzi wa asbestosi wapatikane, na maji ya paa hilo yasikingwe kwa kunywa.

Ili Chama Kikuu kiweze kupanga ratiba, kila katibu anaombwa kuleta kwenye mkutano ujao karatasi moja kwa kila jengo, ikionyesha urefu wa mfereji kwa mita, kimo chake kutoka ardhini, paa na mfereji vimetengenezwa kwa kitu gani, kama upo mfereji wa katikati ya mapaa, na waya wa umeme ulio karibu uko umbali gani. Kimo kinaweza kupimwa kwa mwanzi uliotiwa alama kila nusu mita, isipokuwa upande wenye waya, ambako kitakisiwa kwa macho. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mtu kupanda ngazi.